Waliacha mshahara wa kila mwezi ili kuandika na kutetea chakula cha Afrika

Mmoja alikuwa mtaalamu wa jiolojia katika kazi ya mafuta ya petroli. Mwingine alifanya kazi ya misaada ya dharura katika Umoja wa Mataifa kwa zaidi ya miaka 10. Ozoz Sokoh wa Nigeria na Selassie Atadika wa Ghana walikuwa na kazi ambazo vijana wengi wa Goma, Bukavu, Uvira ao Bunia wanaziombea usiku na mchana. Wote wawili waliziacha, wakajitoa kwa kazi moja: kuandika, kufundisha na kutetea vyakula vya nyumbani.

Uamuzi kama huo ukitangazwa katika jamaa ya Kivu, wajomba na mashangazi wote wataitwa siku hiyohiyo. Mtoto aliyelipiwa masomo kwa kuuza mbuzi na mihogo, akapata mkataba, matibabu ya bure na mshahara wa dolari, anawezaje kusema kwamba sasa anaenda kuandika juu ya sombe? Swali hilo ni la haki. Mshahara mmoja mashariki mwa Congo haulishi mtu mmoja. Unalipa minervali ya wadogo, dawa za koko na kodi ya nyumba ya shemeji aliyekimbia vita.

Lakini safari za wanawake hawa wawili zinaonyesha mambo mawili. La kwanza, hawakuruka wakiwa wamefunga macho: daraja lilijengwa miaka mingi kabla ya kuvuka. La pili, kile walichoenda kufanya si mchezo wa watu walioshiba. Ujuzi wa jikoni usipoandikwa na kutetewa, watu wanapoteza mbegu, soko, na hata nguvu ya miguu yao. Hilo Congo inalijua kuliko nchi nyingi.

Kutoka kwenye miamba hadi kwenye chungu

Ozoz Sokoh alianza kuandika juu ya mapishi kwenye intaneti mwaka wa 2009, alipokuwa akiishi Uholanzi, chini ya jina Kitchen Butterfly. Wakati huo kazi yake ilikuwa bado ni miamba na ramani. Alikuwa mbali na nyumbani, na kama watu wengi walio ugenini, alianza kuangalia kwa macho mapya vyakula alivyovikuta tangu utoto bila kuviuliza maswali: vinatoka wapi, kwa nini vinapikwa hivi, ni nani wengine wanaovila?

Maswali hayo yalimpeleka mbali. Nigeria kuna chakula kinachoitwa akara: kunde zinalowekwa, zinamenywa, zinasagwa, kisha zinakaangwa kwa mafuta. Ng'ambo ya bahari, katika jimbo la Bahia nchini Brazili, wanawake waliovaa nguo nyeupe wanauza barabarani chakula kinachoitwa acarajé, kinachokaangwa kwa mawese. Ni kitu kilekile. Kilivuka bahari ndani ya vichwa vya watu waliouzwa kama watumwa, ambao hawakuruhusiwa kubeba kitu kingine. Kufuata njia kama hizo, kutoka Afrika Magharibi mpaka Amerika, ndiyo kazi ambayo Sokoh ameifanya kwa miaka mingi.

Kazi hiyo haikuishia kwenye mapishi. Alianzisha Feast Afrique, maktaba ya intaneti inayokusanya vitabu zaidi ya 200 juu ya chakula cha Afrika Magharibi na cha wazao wa Waafrika walio ng'ambo. Mtu yeyote anaweza kuvisoma bila kulipa. Vingi kati ya vitabu hivyo ni vya zamani, vilivyokuwa vimefichika katika maktaba za Ulaya na Marekani, mbali na wale wanaopika vyakula vyenyewe.

Leo anaishi Kanada, ambako anafundisha mambo ya chakula na utalii katika chuo cha Centennial, jimbo la Ontario. Mwaka wa 2025 alitoa kitabu chake Chop Chop juu ya mapishi ya Nigeria. Katika Kiingereza cha mitaani cha Nigeria, kusema "chop" ni kusema "kula". Tangu mistari ya kwanza mpaka kitabu hicho ilipita miaka 16.

Njooni tule

Selassie Atadika alizaliwa Ghana, akakulia Marekani. Baada ya masomo yake ya chuo kikuu aliingia katika kazi za misaada za Umoja wa Mataifa. Wakaaji wa mashariki mwa Congo hawahitaji kuelezwa kazi hizo ni za namna gani: magari meupe, mikutano ya asubuhi, orodha za wakimbizi, na magunia ya unga, mbaazi na chumvi yanayoshushwa mahali ambapo watu wamepoteza mashamba yao.

Jikoni ilikuwa mapenzi yake ya pembeni, naye hakuridhika na kupika kwa kubahatisha. Alipata masomo ya upishi katika chuo cha Culinary Institute of America. Mjini Dakar, Senegali, alishirikiana na wenzake kuanzisha Trio Toque, mgahawa usiokuwa na nyumba yake yenyewe, unaohamahama kutoka mahali hadi mahali. Kisha alirudi Ghana na kufungua Midunu mjini Accra. Jina hilo ni la lugha ya Kiewe, na maana yake ni "njooni tule".

Anachotetea Atadika kinaitwa upishi mpya wa Afrika, lakini mizizi yake ni ya zamani. Anarudisha mezani mtama, uwele, fonio, majani na viungo ambavyo mahoteli makubwa ya miji ya Afrika yaliviacha ili kupika viazi vya kukaanga na mchele wa kutoka Asia. Hesabu yake ni rahisi kufuata. Hoteli ya Accra ikinunua fonio, mkulima wa kaskazini mwa Ghana anapata sababu ya kuipanda tena. Akiipanda, mbegu haipotei. Nafaka hizo zinavumilia ukame na udongo maskini kuliko mahindi, kwa hiyo kuzila ni njia mojawapo ya kujikinga na njaa ya kesho.

Midunu inatengeneza pia chokoleti zenye viungo na majani ya chai ya Afrika, na zinapewa majina ya wanawake wa bara hili. Ghana ni miongoni mwa nchi zinazotoa kakao nyingi zaidi duniani, lakini kwa miaka mingi sehemu kubwa ilitoka ikiwa mbegu kavu ndani ya magunia, na faida ya chokoleti ilibaki Ulaya. Wakulima wa Beni, Mutwanga na Ituri wanaijua hadithi hiyo. Wengi wanavuna kakao maisha yote bila kuonja chokoleti iliyotoka katika mti wao wenyewe.

Mwaka wa 2019, Atadika alikuwa kati ya wapishi waliofika hatua ya mwisho ya zawadi ya Basque Culinary World Prize, inayotolewa kwa wapishi ambao kazi yao inasaidia jamii nje ya jikoni.

Hawakuruka bila kupima maji

Anayesoma habari hizi haraka anaweza kuamini kwamba siri ni ujasiri: mtu anaandika barua ya kuacha kazi, na mlango mwingine unafunguka. Sivyo ilivyokuwa.

Wote wawili walianza wakiwa bado na mshahara. Sokoh aliandika miaka mingi akiwa mtaalamu wa jiolojia. Mshahara huo ndio uliompa nafasi ya kukosea, kujaribu tena na kupata wasomaji kabla ya maandishi kutakiwa kuleta mkate nyumbani. Atadika alijifunza upishi katika chuo, na alijaribu Dakar kabla ya kusimama Accra.

Tena, maandishi na utetezi havikuachwa vibebe mzigo wote peke yake. Sokoh anafundisha chuoni. Atadika anauza chakula na chokoleti. Utetezi wa chakula haulipwi na mtu yeyote mwishoni mwa mwezi. Unahitaji kitu kingine pembeni kinachouzwa: somo, kitabu, karamu, bidhaa. Asiyepanga hilo mapema, njaa itamrudisha ofisini kabla ya mwaka kwisha, na safari hiyo atakuta kiti chake kimekaliwa na mwingine.

Kuna jambo la tatu, ambalo mara nyingi halisemwi. Hawakutupa ujuzi wa kazi ya kwanza. Anayesoma miamba amezoea kuuliza nini kilitangulia na nini kilifuata, na kuandika kila kipimo. Aliyeshughulika na misaada anajua jinsi chakula kinavyosafiri, nani anakinunua na nani anabaki bila kitu. Muuguzi, mwalimu, mhasibu ao mtaalamu wa kilimo wa Kivu anayefikiria njia hii naye ana kitu cha kubeba. Muuguzi atauliza chakula kinafanya nini mwilini. Mhasibu ataona faida inapotelea wapi kati ya shamba na soko.

Kazi imara imebaki imara?

Mashariki mwa Congo, swali la kuacha kazi imara limegeuka kichwa chini. Siku hizi mara nyingi ni kazi inayomwacha mtu. MONUSCO ilimaliza shughuli zake Kivu ya Kusini katikati ya mwaka wa 2024, na wafanyakazi wa Congo waliokuwa na mikataba huko wakatafuta njia nyingine. Mwanzoni mwa mwaka wa 2025, baada ya Goma kuingia mikononi mwa AFC/M23, benki za mji zilifunga milango na hata wenye mshahara hawakujua wautoe wapi. Mwaka huohuo Marekani ilivunja shirika lake la misaada, USAID, na mashirika mengi yaliyotegemea pesa zake yakapunguza watu.

Hilo halimaanishi kwamba kila aliyepoteza mkataba awe mwandishi wa chakula. Lakini linabadilisha hesabu ya wazazi. Zamani walipima kazi ya uhakika na ndoto ya kijana. Sasa mara nyingi wanapima mambo mawili yasiyo na uhakika, na moja kati yake angalau ni lake mwenyewe.

Ujuzi wa jikoni ukikatwa, miguu inalipa

Wanaosema kwamba kuandika juu ya mapishi ni kazi ya kupoteza wakati wanapaswa kusikia habari ya konzo. Ni ugonjwa unaopooza miguu yote miwili kwa ghafula, na aliyepooza hatembei tena kama zamani. Unashika zaidi watoto na wanawake walio katika umri wa kuzaa. Daktari wa Italia Giovanni Trolli aliuandikia mwaka wa 1938, baada ya kuuona katika eneo la Kwango, magharibi mwa Congo. Jina lenyewe ni la lugha ya Kiyaka, na linatoa picha ya miguu iliyofungwa.

Chanzo chake ni mihogo michungu isiyotayarishwa vizuri, hasa kwa watu ambao hawana chakula kingine cha kujenga mwili. Mihogo hiyo ina sumu ya sianidi. Wamama wa vijiji walijua tangu zamani namna ya kuiondoa: kuloweka siku tatu ao zaidi, kisha kuanika juani. Hawakuhitaji maabara. Lakini ujuzi huo uliishi mikononi, haukuandikwa pamoja na sababu yake.

Katika jimbo la zamani la Bandundu, barabara ya lami ilipofika na soko la Kinshasa kuhitaji mihogo mingi, baadhi ya wakulima walipunguza siku za kuloweka mpaka usiku mmoja ili wauze haraka. Watafiti, akiwemo daktari Mukongomani Jean-Pierre Banea, walionyesha kwamba kufupisha huko kulibakiza sumu katika unga, na konzo ikafuata. Barabara haikuleta ugonjwa. Ulioleta ugonjwa ni uharaka wa watu ambao hakuna aliyewaambia kwa nini bibi zao walisubiri.

Konzo haiko magharibi peke yake. Imeonekana pia Kivu ya Kusini, katika eneo la Burhinyi, wakati vita vilipowaacha watu na mihogo michungu na vitu vichache vingine vya kula.

Dawa iliyopatikana ni ya jikoni pia. Unga wa mihogo unachanganywa na maji, unatandazwa mwembamba juu ya kitambaa ao ungo, usizidi sentimita moja, na kuachwa saa mbili juani ao saa tano kivulini. Sumu inatoka kama hewa. Kisha bugali inapikwa siku hiyohiyo kama kawaida. Njia hiyo ilitengenezwa na mwanasayansi wa Australia Howard Bradbury, na timu ya Banea ikaifundisha kwa wamama wa vijiji vya Kwango. Yeye na wamama hao walifanya kile ambacho mwandishi wa chakula anatakiwa kufanya: kuchukua ujuzi, kuueleza kwa maneno yanayoeleweka, na kuupeleka kwenye chungu cha mwenye kuuhitaji.

Nani ataandika sombe?

Kivu, Ituri, Maniema na Tanganyika hazikosi mambo ya kuandika. Sombe peke yake ni kitabu. Kuna wanaoipika kwa mawese, wanaoiweka karanga, wanaoiweka samaki mkavu, na katika kila njia kuna wakati wa kutwanga na wakati wa kuchemsha ambao haufai kufupishwa, kwa sababu majani ya mihogo nayo yana sumu yanapokuwa mabichi.

Sambaza ni mfano mwingine. Wakaaji wengi wa Goma na Bukavu wanaamini kwamba samaki huyu mdogo alikuwa ziwani tangu dunia kuumbwa. Kumbe aliletwa kutoka ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, akawekwa katika ziwa Kivu ili watu wapate samaki zaidi. Mihogo, mahindi na maharagwe yenyewe yalitoka Amerika karne kadhaa zilizopita. Chakula cha asili, basi, si chakula kisichobadilika. Ni chakula ambacho watu wamejifunza kukipika vizuri, na masomo hayo yanaweza kupotea kwa kizazi kimoja.

Vita vinaharakisha upotevu huo. Mtoto aliyekulia kambini hajaona koko wake akichagua mbegu za maharagwe za kupanda ao akizika ndizi zipate kuiva kwa ajili ya kasiksi. Amejua gunia, kikombe cha kupimia na kadi ya mgao. Mwanzoni mwa mwaka wa 2025, tathmini ya IPC ilihesabu zaidi ya watu milioni 25 wenye uhaba mkali wa chakula nchini Congo, nchi ambayo wakati wa uhuru iliuza mawese ng'ambo na leo inanunua mafuta ya nje. Kuandika hakumalizi njaa hiyo. Lakini siku watu watakaporudi Masisi, Rutshuru ao Djugu, watahitaji kujua nini kilipandwa wapi, katika msimu gani, na kilipikwa namna gani.

Mahali pa kuanzia papo. Kituo cha utafiti cha Lwiro, karibu na Bukavu, kina maktaba kubwa na historia ya kazi juu ya lishe ya watoto. Kituo cha INERA cha Mulungu, katika eneo hilohilo, kimefanya utafiti wa maharagwe kwa miaka mingi. Yangambi, karibu na Kisangani, kina historia ndefu ya utafiti wa kilimo tangu wakati wa Wabelgiji. Sehemu kubwa ya maandishi hayo iko katika Kifaransa cha wataalamu, na mama anayeuza lengalenga kwenye soko la Kadutu ao la Virunga hajawahi kuona hata ukurasa mmoja. Naye pia anajua mambo ambayo hayamo katika kitabu chochote cha Lwiro.

Anayetaka kufuata njia ya Sokoh na Atadika hahitaji kuandika barua ya kuacha kazi kesho asubuhi. Anaweza kuanza jumapili moja na daftari moja: kukaa na mama mmoja, kupima kwa kikombe kile ambacho yeye anapima kwa kiganja, kuandika jina la kila jani katika Kiswahili na katika Mashi, Kinande, Kihunde, Kibembe ao Kilendu, kuuliza kwa nini maji ya kwanza yanamwagwa. Kisha kurudia juma linalofuata, na mama mwingine. Mshahara, kama bado upo, ulipe daftari hizo. Siku ya kuamua kubaki ofisini ao kuondoka itakapofika, atakuwa na kurasa za kuwaonyesha wazazi, si maneno matupu.